Sakafu ya Olasiti na Fimbo ya Mzee Lomayani

Nyinyi mnaopita hapa kwangu Engutoto na mashine zenu za kuchanganyia begani, mkaniamkia shikamoo, kisha mkisogea hatua tatu mnanong'onezana, "Yule ndiye Bibi Sakafu," nawasikia vizuri sana. Masikio ndiyo yaliyobaki. Magoti niliyaacha kwenye vyumba vya watu, kipande hiki nyumba hii, kipande kile nyumba ile. Kaeni kidogo. Juzi mwenzenu mmoja aliniuliza sakafu ya kumimina ikikataa mtu aanze wapi kutafuta kosa, nikamjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa nachambua maharage. Leo maharage yameshaiva.

Ngoja nianze na uzuri wake, maana hakuna anayewaambia. Ile saruji ya mfuko inayojisawazisha yenyewe, ikishachanganywa inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Unaimwaga, inatembea, inatafuta usawa wake bila kusukumwa. Unavaa viatu vya misumari, unapita na rola ya miiba kutoa hewa, halafu unatoka. Hapo ndipo penyewe. Kwa dakika chache sakafu inatulia kabisa, na kila kitu kilicho juu kinashuka ndani yake. Kama dirisha linatazama upande wa mlima, basi Meru yote inalala pale chini, kichwa kimeelekea kwako, na wingu lake limeshika ncha. Kisha rangi inafifia, mlima unaondoka, inabaki saruji. Mimi mpaka leo naota sakafu hizo. Ndotoni sina magoti, napita tu juu yake na haibonyei.

Uzuri huo uliwahi kuniponza. Siku moja, ghorofani, nilikuwa narudi kinyumenyume na rola huku nautazama mlima sakafuni, nikajikuta nimeingia pembeni na mlango uko ng'ambo ya bahari yote ile. Nikapanda kwenye dirisha na viatu vyangu vya misumari. Nilikaa hapo tangu chai ya saa nne mpaka watu wamemaliza chakula cha mchana. Lazaro, mwenzangu wa kuchanganya, alisimama mlangoni akanitazama bila kucheka. Akaenda, akarudi na andazi amelifunga kwenye ncha ya ubao mrefu wa kusawazishia, akaninyooshea juu ya sakafu. "Mama Aneth," akasema, "karibu chakula." Mwezi mzima niliitwa ndege.

Huyo ndiye Lazaro. Mwarusha wa Terrat, mtu mzima mwenye ng'ombe na watoto wake, maneno machache. Kazi yake ilikuwa maji. Nyinyi mnadhani kazi ya maji ni ndogo. Mfuko mmoja una maji yake, ukizidisha kidogo tu, mchanga unazama, maji yanapanda, juu panabaki unga. Lazaro alikuwa na jagi la plastiki amelichora mstari kwa msumari wa moto. Maji yalifika kwenye mstari, basi. Hata mwenye nyumba angesimama juu yake na kusema ongeza kidogo iteleze, Lazaro angemwitikia kwa heshima zote na asiongeze. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sikuwahi kusimama nikamtazama akipima.

Kabla yake alikuwepo Mzee Aminieli, Mchaga aliyenifundisha kazi wakati sakafu bado zilikuwa nyekundu, zinasuguliwa kwa nta mpaka mtoto anajiona meno. Mimi nilikuja kwake kubeba ndoo, nikabaki. Alikuwa na mtindo wake wa kutafuta kosa. Sakafu ikiharibika, watu wanapiga kelele, yeye anapiga goti. Anaigonga kwa mpini wa nyundo asikie ndani kuna nini. Anaikwaruza kwa msumari aone ngozi yake ni ngumu au laini. Anaidondoshea maji aone inakunywa au inatema. "Halafu unyamaze," aliniambia, "mpaka vyote vitatu vimejibu." Kugonga, kukwaruza na kudondosha nilijifunza kwa wiki moja. Kunyamaza kulinishinda. Nina mdomo wa mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anamaliza ugomvi sokoni kabla haujaanza.

Sasa Olasiti.

Mwalimu Naishiye alikuwa amejenga nyumba huko Olasiti, na chumba kikubwa cha mbele alitaka kiwe cha baba yake. Mzee Lomayani alitoka kwenye boma lake huko magharibi ya mlima, macho yalikuwa yamefunga kabisa, haoni tena. Alikuwa anatembea kwa kuburuza nyayo, fimbo mbele. Ndiyo sababu mwalimu hakutaka vigae. "Nataka baba atoke mlangoni mpaka kitandani asikutane hata na ukucha wa kigae," alituambia. Mzee alikuwa ameshafika, akalazwa chumba cha uani akisubiri. Ibada ya kuingia ndani ilipangwa Jumapili ya pili yake, na ndugu wa pande zote walishaambiwa.

Tulisafisha zege la chini vizuri, tukafagia, tukanyonya vumbi, jioni tukapaka praima. Mnaijua, ni ile gundi nyeupe inayoshikisha kazi ya juu na zege la chini. Ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inapotea machoni. Kumbukeni weupe huo.

Asubuhi nilipofika, Lazaro alikuwa ameshatangulia, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ndani, kwenye kila pembe na katikati, kulikuwa na vidimbwi vyeupe.

"Nani alimwaga praima nyingi hivi?" nikauliza.

Lazaro akasema, "Mama Aneth, leo tungeacha. Pakauke kwanza."

"Tuache vipi na jua linakuja? Hebu leteni rola."

Lazaro alinitazama, akatazama uani, akanitazama tena. Hakuna aliyeleta rola. Nikaichukua mwenyewe, nikavikamua vile vidimbwi, nikavitandaza mpaka sakafu ikawa ya rangi moja. Nakumbuka nilisikia harufu ya kibuyu kilichofukizwa, ile ya moshi mtamu, nikadhani kuna mtu anachemsha chai nje. Palikauka. Tukamimina. Ilikuwa sakafu nzuri kuliko zote nilizowahi kumimina. Dirisha la mwalimu ni pana, na mlima uliingia wote, mpaka msitu wake.

Siku ya nne mwalimu akanipigia simu. "Mama, njoo. Baba anasema sakafu ina mashimo. Mimi sioni shimo."

Tulikwenda wote, mimi, Lazaro na mafundi wengine wanne. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango. Aliingizwa asubuhi hiyo aizoee njia, akapiga fimbo mara mbili tatu, akageuka akatoka. Alikataa kurudi. "Nyumba isiyo na kitu chini siikanyagi," alisema. Mwalimu alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga. Ndani, nikipita na mpini wa nyundo, sakafu ilinijibu ko, ko, ko, halafu ghafla bu. Ko, ko, bu. Sehemu za bu zilikuwa zimeanza nyufa nyembamba, za nywele.

Mimi nikapandwa na hasira. Naisema kama ilivyokuwa. Sakafu nzuri kuliko zote, na mzee wa watu amekaa nje kama mgeni. Kila sakafu ya kumimina ikiharibika neno la kwanza ni maji, na mtu wa maji alikuwa amesimama hapo karibu yangu.

"Umezidisha maji," nikamwambia Lazaro. "Miaka yote hii, leo umenizidishia maji. Umeniharibia jina."

Mafundi wanne wakatazama chini. Mwalimu akasikia. Mzee akasikia. Lazaro alikuwa ameshika jagi lake, nikalichukua mkononi mwake. Akanawa mikono, akavaa sweta lake, akampita mzee mlangoni, akainamisha kichwa, mzee akaugusa utosi wake, akaenda zake Terrat.

Alipokwisha kwenda ndipo nikatoa msumari. Mnaona nilivyoyapanga, mdomo kwanza msumari baadaye? Nikakwaruza. Msumari ulikataa. Nikasugua kidole, hakikutoka na unga. Sakafu iliyozidi maji inakwaruzika kama sabuni ya mche, na hii ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilijua saa hiyohiyo kwamba siyo maji. Lakini nilikuwa nimeshasema, watu walikuwa bado wamesimama, nikaona aibu kurudi nyuma. Nikarudisha msumari mfukoni. Katika kazi yangu yote hakuna kitu ninachokionea aibu kama ule msumari kurudi mfukoni.

Kesho yake nilikwenda peke yangu na patasi. Nikavunja mahali pa bu. Kipande kilitoka kizima, chepesi, na chini yake kilikuwa laini, kinang'aa. Nikavunja mahali pa ko, pakatoka kwa shida, pamebeba na ngozi ya zege la chini. Kwa hiyo kazi ilishika vizuri huku, kule haikushika kabisa, kulikuwa na kitu katikati. Nikadondosha maji kwenye zege. Tone lilikaa limejiviringa, likakataa kuzama. Mafuta, nikasema moyoni. Mafuta gani? Nikainamisha pua. Uchachu, na moshi mtamu kwa mbali.

Nikasikia fimbo uani. Mzee Lomayani akasimama kizingitini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unavunja?"

"Natafuta kosa."

"Tafuta." Kisha akaingia mwenyewe. Sikumwongoza. Alitembea kando ya ukuta kutoka mlangoni akihesabu hatua kwa Kimaa, polepole. Aliposimama akapiga fimbo. Bu. Akageuka, akahesabu tena hadi pembe ya pili. Bu. Ya tatu. Ya nne. Kisha akaja katikati ya chumba na alipopiga hapo sakafu ikaitika tupu kuliko kote. Sakafu yote ile kubwa, na yeye asiyeona alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye kila ugonjwa wake.

Akabaki amesimama. Jua lilikuwa linaingia dirishani, vumbi la patasi yangu likielea mbele ya uso wake.

"Hapa ndipo niliposimama," akasema. "Pote nilisimama. Ile asubuhi, kabla hamjafika. Nilikuja na kibuyu na majani mkononi, nikaibariki nyumba ya mwanangu. Kila pembe nikamwaga, na hapa katikati nikamwaga. Yalikuwa maziwa mazuri, na mafuta yake."

Nikaweka patasi chini.

"Ni maziwa yangu, siyo?"

"Mzee," nikamwambia, "wewe ulimwaga kidogo, mahali patano. Mimi nilikuja nikadhani ni praima, nikachukua rola nikayatandaza. Niliona weupe, sikuuliza."

Akatikisa kichwa. "Yule mtu wako alinikuta. Alinisalimu, nikamgusa kichwa. Hakukuambia?"

Nilipanda pikipiki mpaka Terrat. Nilimkuta Lazaro anaziba uzio wa zizi kwa matawi ya miiba. Akanikaribisha, mkewe akaniletea kigoda na chai ya maziwa, nikaitazama ile chai sijui niinywe au niiombe radhi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikuambia tuache pakauke."

"Hukuniambia ni maziwa. Nilivyokusema mbele ya watu, hukuniambia."

Alikaza tawi kwanza. "Mama Aneth, yule ni rika la baba yangu. Amebariki nyumba. Mimi nisimame pale, binti yake analia, niseme baraka ya baba yake imeharibu sakafu? Neno hilo ukilisema linakuwa kitu kingine. Halisemwi." Akachukua tawi lingine. "Bora iwe maji."

Bora iwe maji. Mtu ambaye jina lake lote lilikuwa mstari mmoja kwenye jagi, alikuwa amekubali mstari ufutwe, mzee wa watu asiaibike. Nililia, siwafichi. Nikamwambia nisamehe, nimekukosea, rudi kazini.

"Umenisema Olasiti," akajibu, "umekuja kuniomba radhi Terrat. Hapa wanaosikia ni ng'ombe."

Nikacheka katikati ya machozi. Yeye hakucheka. Nikaelewa hakuwa anatania.

Basi nilirudi Olasiti. Kwanza mimi na wale wanne tulibandua sakafu yote, siyo zile sehemu za bu peke yake, maana rola yangu ilikuwa imefika kote. Tukasugua zege kwa maji ya moto na sabuni, tukalikwangua kwa mashine mpaka likatoa ngozi mpya, tukasubiri likauke. Kisha nikapita na kikombe cha maji, tone baada ya tone, chumba kizima, kwa magoti haya mnayoyaona. Tone likikaa, tunasugua tena. Mpaka zege likanywa kila mahali. Tukapaka praima. Mzee Lomayani alikaa mwenyewe mlangoni na fimbo yake. "Leo mlinzi ni mimi," akasema, "maana mwizi namjua."

Siku ya kumimina nilimwita Lazaro, naye akaja. Nikawasimamisha wote mahali palepale, mafundi wanne, mwalimu Naishiye, na mzee kwenye kiti chake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yalitoka machache.

"Niliwaambia Lazaro amezidisha maji. Hakuzidisha. Msumari uliniambia hivyo saa ileile nikauficha. Asubuhi ile niliona weupe hapa chini, Lazaro akaniambia tusubiri, nikakataa, nikaishika rola mwenyewe. Kosa ni langu. Nilimsema mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu."

Weupe wa nini, sikusema. Nilimwona mwalimu anataka kuuliza. Mzee akagonga fimbo chini mara moja, akamwita Lazaro watoke naye uani, kwenye nyasi. Alikuwa na kibuyu. Alimmwagia maziwa kwenye viganja vyote viwili, akatamka maneno yake, Lazaro ameinama. Halafu akasema kwa Kiswahili tusikie sote, "Sasa nenda ukanawe sana, kwa sabuni." Hapo ndipo Lazaro alipocheka. Baadaye mzee alikuwa anaisimulia habari yote mwenyewe kwa kila mgeni, huku akijicheka, na ndiyo maana nami nina ruhusa ya kuwasimulia nyinyi.

Ibada ilikuwa Jumatatu badala ya Jumapili, ndugu wakanung'unika kidogo kisha wakala. Mzee aliingia na fimbo, mlangoni mpaka kitandani, pembe kwa pembe, na sakafu ikamjibu kwa sauti moja. Alikaa humo miaka, akiburuza nyayo zake.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza, umepata jibu lako. Gonga, kwaruza, dondosha. Na kabla ya vyote hivyo uliza nani ameingia humu tangu jana, na uulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa. Ukiona mwenzako anakuambia tusubiri na hasemi sababu, subiri. Huenda sababu yake siyo ya kusemwa.

Lakini sizioti sakafu peke yake. Ninachokiota zaidi ni kingine, kidogo tu. Ni ile asubuhi ya kumimina mara ya pili. Lazaro amerudi kutoka kunawa, ndoo ipo, mfuko umefunguliwa. Jagi lake nilikuwa nalo mimi tangu siku ile nilipomnyang'anya. Nikamrudishia. Nikamwona analishika, anasita, na nikajua anachosubiri: anasubiri nimtazame akipima.

Nikampa mgongo. Nikaenda nikasimama dirishani nikautazama mlima, ule wa kweli, ulikuwa umefunikwa wote na hakukuwa na kitu cha kutazama. Nyuma yangu nikasikia maji yanaingia kwenye jagi, yanapanda, yanasimama.

Sikugeuka.